Uchakavu wa Kawaida

Mashine ya kukata majani ya Ofisi ya Bustani ilifika kwa fundi Jumatatu asubuhi ikiwa imelazwa chali juu ya mkokoteni, magurudumu juu, oili ikidondoka njia nzima. Kwenye mpini wake zilikuwa zimefungwa karatasi tano. Karatasi zilifungwa vizuri sana, kwa kamba mbili na fundo juu ya fundo. Mashine yenyewe ilikuwa imeachiwa Mungu.

"Fundi, saini hapa kwamba umeipokea," alisema mwenye mkokoteni. "Na hapa kwamba umesaini."

Fundi alisaini kote kuwili. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, mlango mmoja ukitazama barabarani na wa pili ukiingia sebuleni, kwa hiyo kila kilichozungumzwa karakana kilisikika jikoni, na kilichoungua jikoni kilinukia karakana. Mtaani walimwita Fundi Shahidi. Ukimpelekea jenereta, pampu ya maji au mashine ya majani, hakurudishii mpaka kwanza akuwekee mkononi kitu kilichoiua: plagi iliyoungua, ringi iliyokatika, hata panya mkavu aliyejijengea nyumba kwenye chujio la hewa. "Shahidi wako huyu hapa," husema, nawe utake usitake unampokea huyo panya. Wapo waliokereka. Lakini walirudi, maana mafundi wengine walikuwa wakikurudishia mashine na maneno matupu.

Karatasi ya tano ndiyo iliyokuwa na mambo. Juu iliandikwa RIPOTI YA FUNDI. Chini yake, CHANZO CHA HITILAFU, na visanduku viwili. Cha kwanza: Uchakavu wa kawaida. Cha pili: Mengineyo (eleza, na uonyeshe ushahidi mbele ya kamati). Kisanduku cha kwanza kilikuwa tayari kimetiwa alama ya vema, kwa kalamu ya bluu, vema nene ya mtu asiye na wasiwasi.

"Nani ametia vema hapa, na mashine hata sijaifungua?"

"Ilikuja hivyo," alisema mwenye mkokoteni. "Zote huja hivyo."

Na kweli zote zilikuwa zikienda hivyo. Katika ofisi ile hakuna kilichowahi kuvunjwa, kuibwa wala kusahauliwa. Kiti kikivunjika, uchakavu. Faili likipotea, uchakavu wa kabati. Mwaka uliopita ukuta wa bustani, ambao ulikuwa na umri wa miezi minne na rangi yake bado inanata vidole, ulijilalia chini wenyewe mchana kweupe. Kamati ilikaa siku mbili, ikala, ikanywa, ikainuka na neno moja: uchakavu wa kawaida.

Fundi akaanza kazi. Alifungua plagi, akaichomeka kwenye waya wake, akaigusisha na bloku ya injini, akavuta kamba. Cheche ikaruka, ya bluu, kali. Akaziba tundu la plagi kwa dole gumba na kuvuta tena. Pumzi ikakisukuma kidole. Mgandamizo upo. Chujio la hewa halikuwa na neno.

"Basi wewe shida yako ni chakula," akaiambia mashine, maana alikuwa na tabia ya kuongea nazo.

Alipofungua kikombe kidogo cha chini ya kabureta, hakuhitaji kuongea tena. Kulikuwa na maji, na kutu inaogelea ndani ya maji, na tundu la kupitishia petroli limezibwa na unga mweupe. Akamimina tangi lote kwenye chupa kubwa ya kioo, akaisimamisha dirishani, akangoja. Baada ya muda mfupi mambo yakajitenga yenyewe: juu petroli, ya manjano hafifu, chini maji, meupe, yametulia, zaidi ya theluthi ya chupa. Huo haukuwa umande wa kuingia tangini kwa bahati mbaya. Mtu alikuwa amepima.

Ndipo fundi alipoketi juu ya boksi la spana. Petroli ya ofisi ilitoka stoo ya ofisi. Na mtunza stoo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa akila na kulala ndani ya nyumba hiyo hiyo.

*

Shemeji alikuwa amekaa miaka minne bila kazi kwenye kochi la sebuleni, mpaka kochi likabonyea upande wake. Kazi ya stoo alikuwa ameipata miezi minane tu nyuma, baada ya fundi mwenyewe kwenda kumwombea, kofia mkononi, mbele ya Mwenyekiti wa Ofisi ya Bustani aliyekuja kutengenezewa jenereta ya nyumbani. Tangu siku hiyo mke wa fundi alikuwa akiimba jikoni. Mama mkwe alinunuliwa kitenge na mwanawe, mara yake ya kwanza kununuliwa kitu na mtoto huyo, na akakivaa siku tatu mfululizo ili asiwepo jirani wa kusema hakukiona.

Mchana ule shemeji alirudi kula, akanawa, akaketi. Fundi alingoja mpaka tonge la kwanza limezwe.

"Shemeji, ile petroli ya mashine unaitoa wapi?"

"Stoo."

"Na maji?"

Shemeji akaacha kutafuna. Mke wa fundi akamtazama mumewe, akamtazama mdogo wake, akaweka bakuli mezani polepole.

"Shemeji, nisikilize kabla hujanihukumu," mtunza stoo alisema. "Dumu linaingia getini lita ishirini. Dereva ana chake humo. Karani ana chake. Mwenyekiti ana jenereta, unaijua mwenyewe. Mpaka linifikie mimi, lina lita kumi na mbili, na kitabu kinasema ishirini. Nikiandika kumi na mbili, mwizi ni mimi. Ningefanyaje?"

"Ukajaza maji."

"Nikajaza, hesabu ikae sawa."

"Kwa hiyo wewe hukuiba."

"Hata tone! Wenzangu ndio wanaopunguza. Mimi nimeongeza."

"Umesikia?" mke wa fundi alidakia. "Mtoto wa watu ameongeza."

Fundi alitaka kucheka, akasukuma sahani pembeni. Akasema ripoti inatakiwa kesho, kamati inakuja saa tatu, na yeye hawezi kuandika uchakavu kwenye mashine ambayo pistoni yake inang'aa.

"Baba watoto, vema imeshatiwa," mkewe alisema. "Wewe unadaiwa saini tu. Saini ni mkwaruzo wa kalamu."

"Miaka ishirini na miwili sijawahi kusaini ugonjwa ambao sijauona."

"Na hiyo mashine ukiisingizia itaumia wapi? Ina moyo?"

"Mimi ninao."

"Basi utumie kwa ndugu yangu! Huyu akifukuzwa, anarudi kwenye kochi. Umesahau lile kochi? Ukiandika maji, unadhani watamfukuza Mwenyekiti? Watafukuza wa chini kabisa, na wa chini kabisa ni huyu hapa, anakula wali wako."

Maneno hayo yalikuwa kweli, na fundi aliyajua kuwa kweli, na ndiyo maana yalimuudhi. Alijiambia kwamba kamati ni watu wazima, wataona chupa, watauliza maji yameingiaje, watafuata dumu kutoka stoo mpaka getini, na wenye kunyonya watajulikana mmoja mmoja. Alijiambia hivyo mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakujiamini.

Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini akichagua mchele. Hakuwa mtu wa kuingilia ya watu wenye ndoa yao. Lakini sasa aliinua uso.

"Mkwe wangu, hiyo chupa ina nini hasa?"

Fundi aliinamisha macho, kama alivyofanya kila alipoongea na mama huyo. "Uchafu, mama. Uchafu ulioingia kwenye petroli. Kamati ikiuona, aliyeutia atajulikana."

"Na usipokuwamo?"

"Usipokuwamo hakuna kesi, mama," alijibu kwa adabu, akidhani mazungumzo yameishia hapo.

Mama mkwe akarudi kwenye mchele wake.

Alasiri nzima fundi aliosha kabureta, akazibua tundu kwa uzi wa waya, akasuuza tangi, akatia petroli yake mwenyewe ya karakana. Kisu cha mashine alikitoa akakinoa, akakiweka mezani. Mashine iliwaka mvuto wa tatu na kutulia kwenye mlio mmoja, mnono, wa mashine yenye miaka mingi mbele yake. Kisha akachukua karatasi ya tano, akaikata ile vema ya bluu, akatia yake kwenye Mengineyo. Mkewe aliona kupitia mlango wa sebuleni, na tangu hapo hakumsemesha. Jioni chai ililetwa bila sukari, na sukari haikuwa imeisha.

*

Mama mkwe huamka kabla ya watu wote na kufagia. Asubuhi ile alifagia sebule, akafagia karakana, ambayo kwa kawaida haifagii, akasimama mbele ya dirisha.

Aliitazama chupa vizuri. Chini kulikuwa na kitu safi, cheupe, unaona mpaka upande wa pili. Juu yake kulikuwa kumeelea kitu cha manjano chenye harufu mbaya. Mwanamke aliyepika miaka hamsini hahitaji kuelezwa. Nyama ikichemka, uchafu hupanda juu, nawe unaengua. Akaichukua chupa, akaiinamisha taratibu juu ya mtaro wa nje, akaacha cha manjano kitoke chote, tone kwa tone, mpaka kikabaki kile kisafi. Akafuta mdomo wa chupa kwa upindo wa kitenge chake kile kile, akairudisha mahali pake. Alikwenda kukoka moto akiwa amefurahi sana.

Kamati ilifika saa nne na nusu, ambayo kwa ofisi ile ndiyo saa tatu. Walikuwa Mwenyekiti, amevaa viatu ambavyo havijawahi kukanyaga majani. Katibu, na faili. Na Mjumbe, ambaye alikuja kwa ajili ya posho na hakuficha. Nyuma yao shemeji alibeba kitabu cha stoo kifuani, macho yamemtoka kwa kukosa usingizi. Mke wa fundi na mama yake walisimama kwenye mlango wa sebuleni.

"Fundi, tumesikia umekata vema yetu," alisema Mwenyekiti.

"Nimeikata, mheshimiwa. Mashine haijachakaa. Ilinyweshwa maji." Akainyakua chupa dirishani, akaiinua juu kwa fahari bila hata kuitazama. "Shahidi wenu huyu hapa."

Mwenyekiti aliielekeza kwenye mwanga. Katibu akasogea. Mjumbe akaitwaa, akanusa, akachovya ncha ya kidole.

"Maji," alisema.

"Maji na petroli," fundi alirekebisha.

"Maji. Yananuka kidogo, lakini maji. Kwetu tunayaita maji."

Fundi akaangalia. Cha manjano hakikuwemo. Alimgeukia mkewe, mkewe akatikisa kichwa, naye kweli hakujua. Alimgeukia shemeji, na hapo akaona mtu anayezama, maana shemeji alikuwa mwepesi kuliko wote kufika kwenye maana yake.

"Ngoja nielewe," Katibu alisema, kalamu juu. "Tangi zima lilikuwa maji matupu? Niandike mtunza stoo anatoa maji matupu na kuyaita petroli?"

"Jana kulikuwa na petroli juu yake!" fundi alipaza sauti.

"Na leo imekwenda wapi? Imejiuzulu?" Mjumbe alicheka utani wake mwenyewe. "Fundi, umeita kamati nzima, watu wenye familia zao, uje utuonyeshe maji? Bombani kwetu hayatoki, tungekushukuru, lakini..."

"Fundi mwongo huyu," Katibu alimnong'oneza Mwenyekiti, kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

Neno hilo lilimpiga fundi kifuani. Mashine zinaweza kumkatalia, wateja wanaweza kumkopa, lakini mwongo hakuwahi kuitwa, tena ndani ya nyumba yake, mbele ya mama mkwe.

"Yeye si mwongo," alisema mama mkwe.

Akatoka mlangoni, akasimama katikati ya karakana, unga wa mkaa mikononi. "Mimi ndiye. Nimeengua uchafu wa juu, ule wa manjano, nikaumwaga mtaroni. Nikaacha kilicho kisafi. Mkwe wangu alisema uchafu ukitoka hakuna kesi."

Shemeji alifumba macho.

"Mama," fundi alisema kwa upole uliomuuma, "cha manjano ndicho kilikuwa petroli."

Mama mkwe alimtazama, akaitazama chupa, akaelewa. Aliweka mkono kinywani. Kisha akautoa, kwa sababu alikuwa mtu ambaye akianza kutua mzigo huutua wote.

"Basi kama nimeharibu, nitengeneze. Maji alitia mwanangu huyu, aliyekumbatia kitabu. Alitia kwa kuwa dumu lilimfikia limeshanyonywa na dereva, na karani, na huyo mwenye jenereta nyumbani. Kama ni kuandika, waandikeni wote, msimruke mtu. Lakini mkwe wangu msimwite mwongo. Hajui hata kudanganya mashine."

Mwenyekiti alikohoa. Akatazama viatu vyake.

"Bibi," alisema, "hayo hatujayasikia."

"Niseme kwa sauti?"

"Hapana, hapana, bibi. Sauti inatosha."

Fundi hakungoja tena. Alikwenda kwenye mashine, akaweka mguu, akavuta kamba. Ikawaka mvuto wa kwanza, ikanguruma, vioo vya dirisha vikatetemeka. "Haya!" alipiga kelele. "Hiyo ndiyo iliyochakaa?"

Uso wa Mwenyekiti ukabadilika kabisa. Maji hayakuwa yamemtisha, wala bibi. Mashine ndiyo iliyomtisha.

"Zima! Zima hiyo kitu!"

"Kwa nini nizime? Imepona!"

"Haijapona! Mashine hii haiwaki!"

"Si hiyo inawaka?"

Mwenyekiti akamshika bega, akamsogelea sikioni, akalazimika kumfokea siri. "Tumeifuta kitabuni tangu mwezi uliopita, imebaki ripoti yako tu! Imenunuliwa nyingine, kubwa, ya kukalia! Imeshafika! Nimeshapigwa picha juu yake! Sasa hii ikiwaka, mimi nitasema nini? Weka saini, mzee. Uchakavu wa kawaida. Shemeji yako hana kosa. Mimi sina kosa. Hakuna mwenye kosa!"

Akamwekea kalamu mkononi, kalamu ya bluu.

Fundi aliitazama. Kila kitu kilikuwa hapo, kwenye ncha ya kalamu: kazi ya shemeji, nyimbo za jikoni, sukari kwenye chai, mama mkwe atembee mtaani kichwa juu. Akamtafuta mkewe kwa macho. Alikuwa mlangoni, amemshika mama yake mkono, analia kimya kimya, na safari hii hakumwashiria kitu chochote, wala saini wala usisaini. Fundi alijua angesaini wangempenda wote. Alitamani kusaini. Aliirudisha kalamu kwenye mfuko wa shati la Mwenyekiti, akaiacha na doa la grisi.

"Nitaandika nilichokiona, au siandiki."

Mwenyekiti alimwangalia kama anayeangalia mvua. Hakukasirika. Alimgeukia Katibu.

"Andika: imekaguliwa, haiwaki!"

"Nini?" Katibu aliuliza, mkono sikioni, maana mashine ilikuwa inanguruma.

"HAIWAKI!"

Katibu akaandika.

"Chanzo?"

"UCHAKAVU!"

"Na saini ya fundi?"

Mwenyekiti alifikiri kidogo. Fundi alikuwa hatua moja kutoka kwake, mikono imejaa oili, kamba ya kuwashia bado inamning'inia kidoleni.

"Andika fundi hakuwepo," alisema Mwenyekiti. "Kamati itasaini kwa niaba. Na kazi nyingine za ofisi asipelekewe. Fundi asiyepatikana hatufai."

Wakasaini watatu, juu ya meza ya fundi, wakisogeza spana zake ili wapate nafasi. Mwenye mkokoteni akaitwa. Katika watu wote wale wa bustani hakuna aliyejua mashine inazimwa wapi. Mjumbe alijaribu kuipuliza. Walimtazama fundi. Fundi alikunja mikono. Mtu asiyekuwepo atazimaje mashine? Basi wakaipakia hivyo hivyo, bila kisu, inanguruma na kuruka ruka juu ya mbao, ikapelekwa kwenye vyuma chakavu ikiwa hai, na watu mtaani walitoka milangoni kuishangaa. Shemeji alifuata nyuma na kitabu chake. Kazi yake ilikuwa imesalimika. Alitembea ameinamisha kichwa, na alipofika kwenye kona aligeuka akaitazama nyumba, kisha akaenda.

Mlio ulisikika muda mrefu, ukipungua, mpaka petroli ya karakana ilipoisha huko ilikofikia.

Mama mkwe aliingia ndani. Fundi akabaki amesimama. Alirudisha spana moja mahali pake, akaitoa, akairudisha tena. Alihisi aibu ambayo hakuweza kuitaja ni ya nani.

"Hodi!" Mtu mmoja alisimama mlango wa barabarani, pampu ya maji begani, jua nyuma yake, hivyo hakuona vizuri ndani. "Hodi hapa! Fundi yupo?"

Fundi alifungua kinywa ajibu. Sauti haikutoka. Mwenye pampu alingoja, akabadilisha bega, akageuka kama anayetaka kuondoka.

"Yupo!" Mkewe alikuwa amekuja mbio kutoka sebuleni, machozi hajayafuta. "Unakwenda wapi na mzigo wako? Ingia. Yupo."

Kisha akamgeukia mumewe, akamtazama usoni, akalisema tena polepole.

"Yupo."